Msana wa Tatu

Chumba cha kupanga, Langoni:
hatua nne kwa tatu, ukuta wa simenti
usio na hata kidaka kimoja cha kuwekea kitana.
Shangazi Tima amelala akiutazama, nyonga imevunjika,
tangu Mfungo Sita.
"Nichoree nyumba yetu ya Mkomani," akasema.
"Si picha. Picha ninazo.
Nichoree mahali."

Nikapiga msumari wa inchi mbili,
nikaufunga uzi wa mshipi, nikaupaka buluu ya kufulia,
nikauvuta, nikauachia: tap.
Mstari.
Tap. Mwingine.
Sakafu ikaenda kwa msumari.
Boriti zikaenda kwa msumari, ishirini na mbili,
kila moja nyembamba kuliko nduguye,
na kadiri zilivyokwenda mbali zikasogeleana
kama watu wanaonong'onezana habari za mirathi.
Jicho ni mtoto, alinifunza Bwanaheri wa ofisi ya ramani;
lionyeshe njia, halitauliza kama kuna mji mbele.

Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Nikajisifu.

"Imepinda," akasema kutoka kitandani.
"Dari naiona kama kifuniko cha sanduku."
Nikamwambia nimepima. Nimepima mara mbili.
"Umepima macho yako.
Nani kakwambia mimi nasimama?"

Nikaung'oa msumari. Nikasugua ukuta kwa brashi ya choo
hadi vidole vikawa buluu.
Nikapiga magoti, shavu karibu na mto wake,
nikatafuta pale upeo unapomkata yeye:
dhiraa moja na shubiri kutoka sakafuni.
Hapo nikaupiga upya.
Tundu la kwanza nikalifanya kulabu ya taa.

Msana wa chini. Ngazi moja.
Msana wa juu, na zidaka zake zikipungua
kama waashi wa kale walivyozipunguza kwa makusudi,
maana nyumba yenyewe, ya mawe na chokaa,
nayo ilikuwa ikitudanganya kwa adabu.

"Safi mno," akasema. "Hajaishi mtu humo."
Basi nikatia ukungu wa maji pembeni,
sahani yenye ufa katika kidaka cha tatu,
ngazi iliyolika katikati kwa nyayo.
Tukabishana juu ya jua, tukakubaliana liwe la saa tatu,
likiingia kutoka kiwandani kwa mshazari;
vivuli vyote vikatii.

"Sasa ongeza msana mwingine."
"Shangazi, ilikuwa na misana miwili."
"Ndiyo maana nasema ongeza."

Nikaongeza. Mistari haikukataa,
ilikuwa na nafasi tele karibu na msumari,
pale ambapo upana wa kucha
unabeba chumba kizima.
Akataka mlango nusu wazi. Akataka kandambili kizingitini,
mguu mmoja umepinduka.
"Za nani?"
"Atatoka, utamuuliza."

Majirani walikuja kuona, wakasimama,
na kwa aliyesimama ilikuwa balaa:
sakafu inaporomoka, mitungi karibu imwagike.
Bi Mwanakhamisi akashika ukuta asianguke.
Shangazi akacheka hadi akakohoa.

Jumanne wakampeleka Mombasa kwa ndege ndogo.
Machela haikupita mlangoni, ikabidi wamwinue na shuka,
na kwa mara ya kwanza aliuona ukuta kutoka juu.
Akafumba macho. Hakusema kitu.

Leo nimelala pahali pake.
Mto unanuka mafuta ya nazi na asmini zilizokauka.
Nimefumba jicho moja.
Polepole sakafu inakaa sawa,
boriti zinapanda mahali pake,
na hewa, sijui niseme vipi,
hewa inakuwa ndefu.

Mwenye nyumba anabisha. Ana ndoo ya rangi,
ana mpangaji mpya wa tarehe mosi.
Namjibu bila kuinuka:
ngoja kidogo, Maalim,
kuna mtu anavaa viatu.